Waulizeni Kabla ya Kuwafundisha

Katika taarifa za idara za afya mna maneno mawili ambayo hujitokeza kila kampeni inapozaa matunda haba, nayo ni "imani potofu". Mwandishi wa taarifa, akisha kueleza ya kwamba chanjo ilikuwapo, vyandarua viligawanywa na mabango yalibandikwa hata kwenye magogo ya mikorosho, huyaweka maneno hayo mwishoni kama karani agongaye muhuri, na kwa muhuri huo shauri hufungwa: wenye makosa ni wananchi, na dawa ya makosa yao ni kuzidishiwa elimu. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Nadai ya kwamba sababu zinazowafanya watu watende watendavyo ni sehemu ya maradhi yenyewe, kadiri ile ile ya mbu na ya virusi, na kwa hiyo zastahiki kuchunguzwa kwa uangalifu ule ule, kwa fedha za bajeti ile ile, na kabla mpango haujaandikwa.

Na tuanze na degedege, maana hapana mzazi wa pwani asiyeijua. Mtoto wa miaka miwili ameshinda na homa. Mama amempa panadoli, amemfuta mwili kwa kitambaa kilicholoweshwa, kisha amelala naye. Usiku wa manane mtoto hukakamaa ghafula, macho yakapinduka pakabaki weupe mtupu, meno yakaumana, mikono na miguu ikarusharusha, na povu likamtoka kinywani. Homa aliyoizoea mama tangu utoto wake haifanyi hivi. Bibi wa mtoto, ambaye amezaa, amelea na amezika, hutoka chumba cha pili na taa mkononi, akatazama mara moja, akasema bila ya kusita ya kwamba mjukuu wake kapitiwa na degedege, yaani yule shetani arukaye kwa umbo la ndege katika usiku wa mbalamwezi, ambaye kivuli chake kikimwangukia mtoto humtia maradhi. Tiba yake yajulikana: mtoto afukizwe, aogeshwe majani, na mganga aitwe, na jambo moja limekatazwa mno, nalo ni kumpeleka akapigwe sindano, kwa kuwa mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa.

Watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliyaandika mambo haya, na uchunguzi wao juu ya tiba za degedege ulichapwa mwaka 1996. Kwa tabibu, habari hiyo haina utata: aghalabu hiyo ni malaria kali iliyokwisha kupanda kichwani, na kila saa ipitayo humsogeza mtoto kaburini. Lakini hebu tulitazame lile katazo la sindano bila ya taasubi. Mtoto hufikishwa hospitali akiwa amezimia, baada ya mafusho ya siku mbili na safari ndefu juu ya kibebeo cha baiskeli. Daktari humpiga sindano ya kwinini, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la kumwokoa. Na wengi katika waliofikishwa wakiwa na hali hiyo hufa, kwa sindano au pasipo sindano. Watu wa kijijini hawavioni vimelea vilivyojaa ndani ya damu. Wao huona mtoto aliyekuwa akipumua, kisha sindano, kisha maiti. Jambo hilo likitokea mara tatu katika ukoo mmoja, asemaye ya kwamba sindano ndiyo iliyoua ametumia akili ile ile aitumiayo tabibu ya kulinganisha lililotangulia na lililofuata, isipokuwa yeye amenyimwa nusu ya ushahidi. Bango lisemalo "Degedege ni malaria, mpeleke mtoto hospitali" halimjibu mtu huyo, kwa sababu halikupata kujua ameuliza nini.

Ataulizwa mama, akifika zahanati asubuhi ya siku ya tatu: "Mama, siku zote hizi ulikuwa wapi?" Na mama atanyamaza, kwa adabu na kwa hofu. Lau angeulizwa kwa upole, angejibu ya kwamba mganga anakaa nyumba ya nne kutoka kwake, kwamba huamka saa nane za usiku akiitwa, kwamba hupokea kuku au ahadi ya mavuno, na kwamba hamkaripii mtu. Ilhali zahanati iko umbali wa mwendo wa nusu siku, hufungwa jioni, na mara nyingi dawa zenyewe zimekwisha. Katika maelezo hayo shetani wa kuruka hatajwi kabisa. Ndiyo maana uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Kilosa na Handeni na kuchapwa mwaka 2006 uliwatazama waganga wenyewe na nafasi yao katika malaria kali ya watoto wadogo, kwa kuwa mtu aitwaye kwanza usiku ndiye awezaye, akishirikishwa kwa heshima, kusema "Mimi nimemaliza la kwangu, sasa mwahini hospitali."

Tena tazama jambo la ajabu. Mwaka 2009 yalichapwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Ghana, Tanzania na Bangladesh, ambamo watoto wenye malaria kali wasioweza kumeza kitu walipewa artesuneti kwa njia ya haja kubwa, huko huko vijijini, kabla ya kuanza safari ya hospitali. Na kwa watoto wadogo ambao safari yao ilipita saa sita, hatari ya kufa au ya kubaki na ulemavu ilipungua kiasi cha nusu. Dawa hiyo haina sindano. Watabibu waliitafuta kwa sababu zao, wakitaka kitu ambacho hakihitaji mikono ya muuguzi. Lakini aliyewahi kumsikiliza yule bibi mwenye taa angeiomba kabla haijatengenezwa, na angejua pia la kusema wakati wa kuileta kijijini, jambo ambalo mtengeneza dawa hawezi kulijua akiwa maabara.

Juu ya vyandarua sitasema mengi. Katika wilaya ile ile ya Bagamoyo iligunduliwa ya kwamba watu hawakutundika chandarua ili kukinga malaria. Walitundika ili wapate usingizi. Mbu wakizidi wakati wa masika, chandarua hushuka. Wakipungua, hukunjwa na kuwekwa juu ya kabati, ingawa mbu wachache waliobaki baada ya mvua ndio aghalabu waliobeba maradhi. Mtu akishalijua hilo, hutambua ya kwamba tangazo la mwezi wa Aprili na tangazo la mwezi wa Julai hayawezi kuwa tangazo moja. Na wale wanaopenda kupiga picha vyandarua vilivyogeuzwa kuwa nyavu za dagaa au uzio wa mchicha, wangefanya insafu kuuliza kwanza chandarua hicho kina umri gani na matundu mangapi.

Wala si kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo vijana wa leo huisikia kwa wazee wao tu. Watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, chini ya miembe na katika madarasa ya shule, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu na kiongozi wa kikundi aliye mwenzao, na kisha (hapa ndipo penye siri) wakajadiliana wao kwa wao nini kinawasibu na nini watakifanya kabla ya mkutano ujao. Redio ilieleza kichocho, safura, kuhara, malaria na kifua kikuu. Lakini shauri la choo kichimbwe wapi, na je, mkwe na mkwewe waweza kutumia choo kimoja bila ya kuvunjiana heshima, lilikatwa na wenye vyoo. Vyoo vikachimbwa kwa maelfu na maelfu. Najua wapo watakaosema ya kwamba enzi ile ilikuwa na amri za chama na balozi wa nyumba kumi aliyepita kukagua, nami sikatai. Lakini amri peke yake humchimbisha mtu shimo, haimfanyi alitumie, na kwingi barani ambako vyoo vilijengwa na wafadhili bila ya majadiliano vimekuwa stoo za majembe na mabanda ya kuku.

Sasa natupige hatua tutoke katika homa na vyoo, twende kwenye maradhi ambayo kosa la kutojua watu hulipwa papo hapo. Mripuko wa Ebola ulioanza Guinea mwishoni mwa mwaka 2013, ukaenea Liberia na Sierra Leone, uliwapata watu zaidi ya 28,000 na kuwaua zaidi ya 11,000. Mwili wa aliyekufa kwa maradhi hayo huwa umejaa virusi kuliko wakati wowote alipokuwa hai, na katika nchi zile, kama ilivyo kwetu, maiti hafukiwi kama takataka: huoshwa, hukafiniwa, huombewa, huagwa kwa kuguswa. Walioongoza vita dhidi ya maradhi waliona mazishi kuwa mlango wa maambukizo, na hapo walikuwa sahihi. Wakautia mlango huo kufuli pasipo kumwuliza mwenye nyumba. Wakaja watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, wasioonyesha nyuso, wakambeba marehemu ndani ya mfuko na kuondoka naye bila ya kusema watamzika wapi. Mjini Monrovia, mwaka 2014, serikali iliamuru maiti wachomwe moto. Matokeo yake familia zikawaficha wagonjwa ndani, zikazika usiku, na ugonjwa ukapata uhuru ambao usingaliupata. Katika kijiji cha Womey, huko Guinea, Septemba mwaka huo, watu wanane wa msafara uliokwenda kuhubiri habari za Ebola waliuawa.

Mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa mazishi yaliyo salama na yenye heshima, uliotungwa kwa kushauriana na jumuiya za Kiislamu na za Kikristo. Jamaa wa marehemu waelezwe kila hatua kabla haijafanyika. Waruhusiwe kuona, kuomba, na kuchimba kaburi. Kaburi liandikwe jina. Na kwa Mwislamu, badala ya kumwosha maiti kwa maji, afanyiwe tayamamu na mtu aliyevaa kinga, kisha avishwe sanda. Msomaji aliyepitia chuoni hatashangaa, maana fikihi iliijua tayamamu ya maiti karne nyingi kabla ya virusi hivyo kupewa jina, kwa ajili ya aliyeungua, kwa mfano, au pale maji yalipokosekana. Ruhusa ilikuwamo vitabuni muda wote ule. Sheikh yeyote wa mtaani angaliitoa katika juma la kwanza, lau angalitokea mtu wa kwenda kugonga mlango wake. Ikapita miezi na miezi tangu maradhi yatangazwe ndipo ikatiwa katika utaratibu.

Ingedhaniwa ya kwamba somo hilo, lililonunuliwa kwa bei hiyo, lilihifadhiwa. Mnamo tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo ambao mahubiri yao, redio zao na kelele za soko lao ni kwa lugha hii hii tuandikayo. Safari hii chanjo ilikuwapo, na utaratibu wa mazishi ulikuwapo, na fedha zilikuwapo kwa wingi. Hata hivyo maradhi yaliendelea hadi Juni 2020, yakawapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Wapo waliofika kutoka mbali na kusema tena ya kwamba watu wa huko ni wagumu, kwamba wanaamini uchawi. Lakini watu wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga tangu Oktoba 2014, wakilia waokolewe, na magari hayakuja. Yalipokuja, mapya na mengi, yakisindikizwa na askari, yalikuja kwa ajili ya maradhi ambayo wao waliyaona kuwa madogo kuliko malaria na panga. Wakaiita kazi hiyo biashara ya Ebola. Kisha, Desemba 2018, wakati Kongo nzima ikingojea kupiga kura, Beni na Butembo zikaambiwa uchaguzi wao umeahirishwa kwa sababu ya Ebola na ya usalama, hadi baada ya rais mpya kuapishwa. Na haikupita siku mbili kituo cha wagonjwa cha Beni kikavamiwa na waandamanaji. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili mwaka huo Dakta Richard Mouzoko, tabibu kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo.

Simtetei muuaji. Nasema tu ya kwamba ukitaka kuelewa kwa nini mama wa Butembo alikimbia sindano ya chanjo, vitabu vya mila za Wanande, wenyeji wa huko, havitakutosha. Itakubidi usome magazeti ya miaka iliyotangulia maradhi hayo. Utamaduni wa watu umechanganyika na kumbukumbu zao za nani aliwadhulumu na nani aliwatelekeza, na mtaalamu anayekuja na daftari la kuandika matambiko peke yake atakuwa ameandika upande mmoja wa ukurasa. Mambo yaliyosaidia yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Palijengwa vyumba vya plastiki angavu, ambavyo mgonjwa alikaa ndani na jamaa zake wakasimama nje wakamwona, wakazungumza naye, wakathibitisha kwa macho yao ya kwamba hakutolewa viungo. Waliokwisha kupona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwabeba na kuwabembeleza watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Mwanamke wa mtaani, anayejulikana kwa jina, akitoka katika kituo akiwa hai, hushinda mabango elfu.

Najua hoja inayongojea kutupwa. Watu watauliza: basi kila desturi ibembelezwe, hata ile inayoua na kulemaza? La hasha. Kuijua desturi na kuisujudia ni mambo mawili, na mfano ulio mzuri umo katika nchi jirani ya Kenya, huko Tharaka, ambako mwaka 1996 chama cha Maendeleo ya Wanawake na wenyeji waliketi wakaulizana ni kitu gani hasa msichana hupata katika siku za kukeketwa. Wakaona ya kwamba hupata siku za kukaa ndani na shangazi na nyanya, mafunzo ya utu uzima, zawadi, na heshima mbele ya kadamnasi. Wakayahifadhi hayo yote, wakaondoa wembe. Lau wangaliishia kusema ukeketaji ni ukatili, wangalisema kweli, na wembe ungalibaki. Njia hiyo, hata hivyo, haifai kila mahali, kwa kuwa pale ambapo tendo hufanywa kwa siri pasipo ngoma wala sherehe, sherehe mbadala haina pa kushika. Na hilo nalo halijulikani ila kwa kuuliza.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya upande mwingine: kwamba mila igeuzwe kuwa kisingizio. Mwanamke aliyejifungulia nyumbani huandikwa kuwa ameshikilia mila, hali alikwenda mara ya kwanza akatukanwa na muuguzi mbele ya wenzake, na mara ya pili akaambiwa aje na glavu, wembe na pamba za kununua, na fedha hakuwa nazo. Hapo hapana mila ya kuchunguzwa. Pana zahanati ya kutengenezwa. Uchunguzi wa kweli wa mienendo ya watu ni lazima uwe tayari kurudi na jibu hilo lisilopendeza, na afisa atakayelipokea asiwe na ruhusa ya kulitia kapuni.

Nini basi kifanywe? Vyuo vyetu, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Makerere, hufundisha wanasosholojia na wanaanthropolojia kila mwaka, nao wengi huishia kuandika taarifa kwa wafadhili. Waajiriwe na halmashauri za wilaya, wakae katika kikao kile kile cha mganga mkuu wa wilaya, na neno lao liwe na uzito kabla fedha hazijagawanywa. Maana desturi ya sasa ni kuwaita baada ya mambo kuharibika, ili wasaidie "kuhamasisha jamii", yaani kuwauzia watu shauri lililokatwa bila wao. Kadhalika wahudumu wa afya wa vijijini, ambao huvijua vijiji vyao kuliko mtaalamu yeyote, wapewe nafasi ya kupeleka maswali juu, kwa kuwa leo wao hupokea majibu tu kutoka juu na kuyashusha.

Na jambo hili lina wakati wake. Mkoa wa Kagera umekwisha kupata maradhi ya Marburg mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2025, na kila mara yalizimwa upesi, jambo la kushukuriwa na la kuwasifu waliohusika. Lakini katika kila wilaya iliyo karibu na maziwa na mipaka, leo hii, wakati hakuna maradhi na watu wana utulivu wa kuzungumza, ingefaa pawepo daftari lililoandika nani huosha maiti katika kata hii, nani husikilizwa na wanawake na nani na vijana wa bodaboda, padri na sheikh wamekubali nini kuhusu mazishi ya dharura, mganga gani huitwa usiku, na serikali iliwahi kuwakosea nini wakazi hawa ambacho hawajakisahau. Mpango wa dharura wa wilaya usiojibu maswali hayo urudishwe kwa aliyeuandika.